Mwamba Ngoma Huivutia Kwake: Jinsi ya Kusoma Kura ya Maoni Iliyolipiwa na Mwanasiasa

Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, Fatuma Achani wa UDA alitangazwa gavana wa Kwale kwa kura 59,674. Profesa Hamadi Boga wa ODM alimfuata kwa kura 53,972. Walitenganishwa na kura 5,702 katika kaunti yenye wodi 20, kuanzia hoteli za Diani hadi mpaka wa Lunga Lunga na nyanda kavu za Kinango. Ukizijumlisha kura za hao wawili tu na kuwaacha kando wagombea wengine, Achani alikuwa na asilimia 52.5 na Boga asilimia 47.5. Kinyang'anyiro cha namna hiyo ndicho kinachozaa takwimu nyingi kabla ya siku ya kura, kwa sababu kila upande unaamini kwamba ukisukuma kidogo tu utapita. Uchaguzi mkuu ujao kikatiba ni Agosti 10, 2027, na kadiri siku zinavyokaribia, simu za wapiga kura wa Kwale zitajaa picha zenye rangi za vyama na asilimia zinazoonyesha nani anaongoza Msambweni, Matuga, Kinango, Lunga Lunga na kaunti nzima. Nyingi ya kura hizo za maoni zitakuwa zimelipiwa na watu wenye maslahi katika matokeo. Mpiga kura anahitaji njia ya kuzisoma bila kudanganyika na bila kukataa kila takwimu kwa hasira.

Wazee walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwenye kuwamba hatengenezi ngozi bandia. Ngozi ni ile ile, ila mkono wake unaivuta upande aliokaa. Kura ya maoni iliyolipiwa na chama au mgombea mara nyingi huwa hivyo. Wahojiwa wanaweza kuwa wa kweli, maswali yakawa yameulizwa kweli, na hesabu ikawa sahihi. Mvuto unaingia baadaye, mgombea anapoamua lipi atoe hadharani na lipi alifungie kabatini. Timu ya kampeni yenye fedha haifanyi utafiti mara moja. Inapima mara kadhaa, kwa maeneo tofauti na kwa maswali tofauti, ili ijue wapi pa kupeleka magari na wapi pa kukata tamaa. Matokeo mabaya hubaki siri ya ndani, kwa sababu hakuna mgombea atakayelipa fedha zake ili atangaze kwamba anashindwa. Matokeo mazuri ndiyo yanayopewa waandishi wa habari. Hivyo msomaji anapopata takwimu hizo, tayari zimechujwa na mtu ambaye kazi yake ni kushinda.

Uzito wa mchujo huo unaweza kuhesabiwa. Tuchukue kiti ambacho wagombea wawili wamelingana kabisa, asilimia 50 kwa 50. Tuseme timu moja imefanya tafiti tano za uaminifu, kila moja ikihoji watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa sampuli ya watu 400, kiwango cha makosa ni takriban asilimia 4.9 juu au chini kwa kila mgombea, kwa hiyo tafiti hizo tano hazitatoa jibu moja. Moja itampa mgombea 48, nyingine 51, nyingine 49, kwa sababu ya bahati ya nani alipatikana siku hiyo. Kanuni za takwimu zinaonyesha kwamba iliyo bora zaidi kati ya hizo tano itampa, kwa wastani, karibu asilimia 53. Timu ikiitangaza hiyo peke yake, umma utasikia kwamba mgombea huyo anaongoza kwa 53 dhidi ya 47, pengo la alama sita, katika kiti ambacho kwa kweli hakuna anayeongoza. Hakuna aliyesema uongo hata mahali pamoja. Mhoji alifanya kazi yake, mtakwimu alijumlisha sawasawa, na mwanasiasa alionyesha karatasi halisi. Umma umepotoshwa na zile karatasi nne ambazo haukuonyeshwa.

Marekani, ambako tafiti za aina hii zimefanyika kwa miongo mingi katika viti vya bunge la Congress, kuna kumbukumbu za kutosha za kupima madhara hayo. Nate Silver na wenzake wa tovuti ya takwimu ya FiveThirtyEight, waliolinganisha tafiti zilizotolewa na vyama na matokeo halisi ya viti vya wawakilishi, walikuta kwamba kwa wastani ziliupendelea upande uliolipa kwa takriban alama nne hadi tano. Na wapo waliokosea mbali zaidi. Juni 2014, Eric Cantor, aliyekuwa kiongozi wa wengi katika Baraza la Wawakilishi, aligombea mchujo wa chama chake cha Republican katika jimbo la Virginia. Utafiti uliofanywa na mtaalamu wa kampeni yake mwenyewe, kwa kuhoji watu 400, ulimpa asilimia 62 dhidi ya 28 za mpinzani wake, Dave Brat, mwalimu wa chuo ambaye wengi hawakumjua. Cantor alishindwa kwa zaidi ya alama kumi. Kosa la ukubwa huo halielezwi na bahati ya sampuli. Mtafiti alikuwa amekisia vibaya ni akina nani watakaojitokeza kupiga kura, na waliojitokeza walikuwa wengi kuliko mchujo wa miaka miwili nyuma. Kampeni iliyoamini takwimu zake ilijipumbaza yenyewe kabla ya kuwapumbaza wengine.

Msambweni ilipata somo linalokaribiana na hilo miaka sita baadaye, na linafaa kukumbukwa kwa sababu lilitokea hapa nyumbani. Mbunge Suleiman Dori, aliyechaguliwa mwaka 2017 kwa tiketi ya ODM, alifariki Machi 2020, na uchaguzi mdogo, baada ya kucheleweshwa na janga la korona, ukafanyika Desemba 15 mwaka huo. ODM ilimsimamisha Omar Boga. Jubilee, iliyokuwa ndani ya maridhiano ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, haikuweka mgombea. Raila mwenyewe alishuka Msambweni kumpigia debe Boga. Feisal Abdallah Bader aligombea bila chama, akiungwa mkono na aliyekuwa Naibu wa Rais William Ruto na Gavana Salim Mvurya. Aliyeangalia rangi za vyama peke yake, akakumbuka kwamba Pwani imekuwa ngome ya ODM kwa miaka mingi, angeandika jina la mshindi mapema. Matokeo yalikuwa Feisal 15,251 na Boga 10,444. Kati ya kura za hao wawili, Feisal alichukua zaidi ya asilimia 59. Hilo si pengo dogo. Utafiti wa watu 400 uliofanywa vizuri ungeliona. Lakini ungeliona kwa sharti moja tu: uwe umewauliza watu watakaokwenda kituoni kweli.

Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Msambweni ilikuwa na wapiga kura takriban 69,000 walioandikishwa wakati ule. Wagombea wawili wa mbele waligawana kura zisizofika 26,000. Maana yake ni kwamba watu wengi walioandikishwa hawakupiga kura, na aliyewahoji bila kutenganisha mwenye nia ya kwenda na mwenye kuzungumza tu alikuwa akipima jimbo ambalo halikupiga kura siku ile. Mtu anaweza kukwambia kwa moyo safi kwamba anampenda fulani, kisha siku ya kura akaamkia baharini, au zamu yake ya hoteli ikamnyima muda, au akaona safari ya kurudi alikoandikishwa haina nauli. Mtafiti mwangalifu huuliza kama mhojiwa ameandikishwa, ameandikishwa kituo kipi, na kama alipiga kura mara iliyopita. Utafiti wa mwanasiasa unaweza kuyaruka maswali hayo kwa sababu yanapunguza idadi ya wafuasi, na idadi kubwa ndiyo inayotafutwa. Kwa hiyo kila takwimu inayozungumzia "wakazi wa Msambweni" bila kusema ni wapiga kura wa aina gani, ichukuliwe kuwa inapima umaarufu tu. Uwezekano wa kushinda ni hesabu nyingine.

Tatizo la pili ni la jiografia, na Kwale ina jiografia inayoweza kumpotosha mtafiti mvivu kwa urahisi sana. Jimbo la Msambweni lina wodi nne: Gombato Bongwe, Ukunda, Kinondo na Ramisi. Mhoji akishuka Ukunda, akasimama kwenye njia ya kwenda Diani kwa siku mbili, atapata watu mia nne bila kutoka jasho. Lakini atakuwa amewapata wahudumu wa hoteli, waendesha bodaboda, wachuuzi wa ufuoni na vibarua wa ujenzi, na miongoni mwao wamo wengi waliotoka kaunti nyingine kutafuta riziki na ambao wameandikishwa kupiga kura kwao. Mvuvi wa Gazi, mama wa Kinondo anayesuka makuti, mkulima wa miwa wa Ramisi na Mmakonde wa Makongeni, ambaye jamii yake ilitambuliwa rasmi kuwa raia mwaka 2016, hawapiti kwenye njia hiyo. Ukipanda kwenye ngazi ya kaunti, pengo linakuwa kubwa zaidi, kwani siasa za Wadigo wa pwani, za Waduruma wa Kinango na za Wakamba wa Kubo Kusini haziendi mwendo mmoja. Utafiti wa ugavana unaoegemea upande mmoja wa Milima ya Shimba haujapima Kwale.

Hata simu haitibu tatizo hilo lote. Tafiti nyingi sasa hufanywa kwa kupigia watu simu kutoka Nairobi, na mbinu hiyo ni halali na ina gharama nafuu. Lakini anayepokea simu ya namba asiyoijua na kukubali kuzungumza siasa kwa robo saa si mfano wa kila mtu. Kijana wa mjini hupatikana kwa urahisi kuliko bibi wa Mwereni anayeazima simu ya mjukuu, na mhojiwa anayezungumza Kidigo au Kiduruma nyumbani hatajibu kwa uwazi ule ule akiulizwa kwa Kiswahili cha mtu wa mbali. Kuna pia adabu ya Pwani: mgeni akiuliza unamuunga nani, wengi watampa jibu la kumridhisha, hasa wakihisi anatoka upande fulani. Mhoji aliyevaa kofia ya chama, au aliyekuja na diwani, amekwishapata jibu kabla ya kuuliza. Na wingi wa majibu haufuti upotovu wa aina hii. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi za maswali zipatazo milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni mbili, kisha likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa takriban asilimia 61 ya kura. Majina yalikuwa yametolewa zaidi katika orodha za wenye simu na wenye magari, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, na wenye hasira na serikali ndio waliojibu kwa wingi. Kwa hiyo kura ya Facebook iliyopigwa na watu elfu ishirini haina thamani ya utafiti wa watu mia sita waliochaguliwa kwa uangalifu katika wodi zote.

Swali linaloulizwa nalo linaweza kuelekeza jibu, na mwaka 2022 Kwale ilitoa mfano bora wa hatari hiyo. Raila Odinga aliongoza katika kaunti hiyo kwenye kura ya urais. Wapiga kura hao hao walimpa ugavana Achani wa UDA, chama cha mpinzani wake, Ruto. Useneta walimpa Issa Boy wa ODM, na kiti cha mwakilishi wa wanawake Fatuma Masito, pia wa ODM. Katika ubunge, Msambweni ilimrudisha Feisal Bader, safari hii kwa UDA. Matuga ikamrudisha Kassim Tandaza wa ANC. Lunga Lunga ikamchagua Mangale Chiforomodo wa UDM. Na Kinango ikamchagua Gonzi Rai wa PAA. Watu waliopewa karatasi sita kwa siku moja waligawa viti hivyo kwa vyama vitano. Fikiria sasa mtafiti aliyeuliza kwanza "unaunga mkono chama gani?" kisha akafuata na "utampigia nani ugavana?". Swali la kwanza lingemkumbusha mhojiwa uaminifu wake kwa Raila, na jibu la pili lingeelemea ODM. Mtafiti mwingine angeanza kwa kutaja barabara, basari na zahanati zilizojengwa na serikali ya kaunti, na jibu lingeelemea kwa Achani, aliyekuwa naibu wa gavana kwa miaka kumi. Majibu yote mawili yangetoka kwa watu halisi. Ndiyo maana utafiti usioonyesha maswali yake, kwa maneno yake na kwa mpangilio wake, haustahili kuaminiwa hata kama idadi ya wahojiwa inapendeza.

Kabla ya kusoma asilimia, basi, ni busara kujiuliza kwa nini karatasi hiyo imetolewa leo. Katika siasa za Kenya sababu ya kwanza ni tiketi. Kuelekea uchaguzi wa 2022, ODM ilitaja kura za maoni miongoni mwa njia za kuamua nani apewe tiketi bila mchujo. Mwenye kuonyesha kwamba anaongoza kwa mbali ana hoja ya kumwambia kiongozi wa chama, na mwenye kukosa utafiti anaonekana hana mtaji. Sababu ya pili ni fedha. Wafadhili hawapendi kuwekeza kwa anayeshindwa, na utafiti mmoja mzuri unaweza kufungua mifuko ambayo hotuba kumi hazikuifungua. Sababu ya tatu ni kumkatisha tamaa mfuasi wa upande wa pili, aone hakuna haja ya kupanga foleni kwenye jua. Na katika kiti chenye wagombea watatu au wanne wenye nguvu, kama ilivyokuwa ugavana wa Kwale, ipo sababu ya nne: kumwambia mfuasi wa mgombea wa tatu kwamba kura yake itapotea, heri ahamie kwa mmoja wa wawili wa mbele. Hayo yote ni malengo ya kampeni. Ni halali kuyatafuta, lakini mpiga kura ana haki ya kujua kwamba anafanyiwa kampeni.

Madhara hayaishi siku ya kura. Mfuasi aliyeambiwa kwa miezi mitatu kwamba mgombea wake anaongoza kwa alama kumi na tano atasikia tangazo la kushindwa kama tangazo la wizi. Hatafikiria kwamba alama zile zilichujwa. Atafikiria kwamba kuna mtu amezibadilisha kituoni. Wizi wa kura unawezekana na lazima uchunguzwe kwa fomu za kila kituo na mbele ya mahakama, lakini kura ya maoni ya mgombea haiwezi kuwa ushahidi wake. Kwale haifai kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, ghasia za Likoni na Kaya Bombo ziliua watu na kuwatimua maelfu makwao. Tafiti za maoni hazikuhusika na maafa yale; yalipangwa na watu kwa sababu za siasa na uhasama wa ardhi. Ila kaunti iliyoonja machungu hayo inajua kwamba matumaini na hasira za uchaguzi zinaweza kutumiwa na wachochezi, na kwamba anayejaza watu matumaini ya uongo hawajibiki pale yanapovunjika.

Sheria ipo. Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 2012 Sheria ya Uchapishaji wa Kura za Maoni za Uchaguzi, inayomtaka anayechapisha utafiti wa uchaguzi aeleze, pamoja na mambo mengine, nani aliufadhili, nani aliufanya, ulifanywa lini, uliwahoji watu wangapi na una kiwango gani cha makosa. Inakataza pia kuchapisha matokeo ya tafiti katika siku tano za mwisho kabla ya kura. Hizo ni kanuni nzuri. Udhaifu uko katika mahali zinapokomea kwa vitendo. Gazeti na kituo cha redio vina anwani, mhariri na leseni. Picha ya asilimia inayozunguka katika makundi ya WhatsApp ya kijiji haina anwani. Isitoshe, sheria inadai jina la mfadhili, na mfadhili anaweza kuwa kampuni au kikundi cha "marafiki" ambacho mpiga kura hawezi kukihusisha na mgombea. Ndiyo maana ulinzi wa kwanza hauwezi kuachiwa serikali. Unabaki kwa mhariri anayekataa kusoma hewani utafiti usio na mlipaji, na kwa msomaji anayekataa kuusambaza.

Wapo watakaopinga kwamba makala haya yanawaonea wanasiasa, kwa kuwa tafiti zinazojiita huru nazo zilikosea mwaka 2022. Hoja hiyo ina uzito na inastahili jibu la kina. Wiki ya mwisho kabla ya kura, katika mbio za urais, kampuni ya Infotrak ilimpa Raila asilimia 49 na Ruto 41. Ipsos ikatoa 47 kwa 41. TIFA ikatoa 46.7 kwa 44.4. Matokeo rasmi yakawa Ruto 50.49 na Raila 48.85. Zote tatu zilimweka mbele aliyetangazwa wa pili. Lakini ziangalie tena. Asilimia ambazo watafiti walimpa Raila hazikuwa mbali na alizopata. Zilizokosewa ni za Ruto, na zilikosewa kwa sababu sehemu ya wahojiwa walisema hawajaamua au walikataa kujibu, na inaelekea wengi wao waliishia upande mmoja. TIFA, iliyohoji watu 2,056 na kutangaza kiwango cha makosa cha asilimia 2.16, ilionyesha kwa takwimu hizo kwamba pengo la alama 2.3 halitoshi kumtaja mshindi. Tunaweza kuyachambua makosa hayo leo kwa sababu mbinu, tarehe na idadi viliwekwa wazi. Utafiti uliofichwa hauwezi hata kukosolewa. Na somo la wale ambao hawakutaja mgombea linaihusu Kwale moja kwa moja: katika kinyang'anyiro cha pengo dogo, hao ndio watakaoamua, na utafiti unaowaondoa kwenye hesabu ili asilimia zifike mia umeondoa habari kuu.

Wengine watasema mtafiti wa chama anaijua Kwale kuliko kampuni ya Nairobi, na kwamba mgombea anayelipa fedha zake anataka kujua ukweli kuliko mtu yeyote. Ni kweli kabisa, kwa utafiti unaobaki ndani. Mgombea makini hulipia ukweli ili aufanyie kazi, na mtu wa kwao anayezijua wodi anaweza kupata majibu ambayo mgeni hatayapata. Tofauti inatokea pale karatasi inapotoka chumba cha mkakati na kuingia kwenye mkutano na waandishi wa habari, kwa kuwa hapo lengo limebadilika. Njia nzuri ya kumpima mgombea ni kuangalia mwenendo wake: anayetangaza kwamba anaongoza kwa alama ishirini huku akihama kutoka mkutano hadi mkutano katika ngome yake mwenyewe, usiku na mchana, anaonyesha kwa miguu kwamba takwimu za kabatini zinasema jambo tofauti. Mahali anapotumia muda na fedha ni ushahidi ambao hakuupanga kwa ajili yetu.

Kuna pia wanaotaka tafiti zote zipigwe marufuku, watu wakapige kura kwa utulivu. Hilo lingewanufaisha wakubwa peke yao. Mwenye fedha angeendelea kupima kwa siri na kujua hali ilivyo, na mpiga kura wa Kinango angebaki na uvumi wa barazani na kelele za vipaza sauti. Kura ya maoni iliyo wazi humwezesha mwananchi kumwambia mwanasiasa kwamba maji, hati za ardhi na bei ya samaki vinamsumbua kuliko matusi ya jukwaani. Dawa ni tafiti nyingi zaidi zilizo huru, zikiwemo za ngazi ya jimbo, ambako kwa sasa uwanja umeachiwa wagombea kwa sababu ya gharama. Utafiti unaoweza kutenganisha pengo la alama tano kwa uhakika unahitaji kuhoji watu zaidi ya 1,500, na si rahisi kumpata wa kulipia hilo katika kiti kimoja cha ubunge. Vyuo vikuu vya Pwani, mashirika ya kiraia na vyombo vya habari vikichangia gharama, jimbo kama Msambweni linaweza kupimwa na watu wasiogombea.

Mpaka hapo, msomaji awe na utaratibu. Akipata utafiti wowote wa kiti cha Kwale, aulize nani amelipa, nani alihojiwa na katika wodi zipi, lini, kwa maswali gani, na ni wangapi walisema hawajaamua. Mlipaji akiwa chama au mgombea, ampunguzie angalau alama nne au tano za uongozi kabla ya kuanza kufikiri. Sampuli ikiwa ya watu 400 na pengo likiwa chini ya alama kumi, asikubali kuambiwa kwamba kuna anayeongoza. Utafiti wa chama ukionyesha mgombea wake amelingana na mpinzani au yuko nyuma, auchukulie kwa uzito mkubwa, kwa sababu huo umetoka kinyume cha maslahi ya mwenyewe. Wahariri wa redio na magazeti ya Pwani watangaze jina la mlipaji katika sentensi ile ile inayotaja asilimia, na asiyetaka kujitaja asipewe nafasi. Na kwa mpiga kura wa Kwale, neno ni hili: majibu ya maswali hayo yakikosekana, usiisambaze picha hiyo kwa jirani yako, na usiache kwenda kituoni kwa sababu yake.